Nguzo za Uwanja wa Kikapu Zising'olewe

Muhula huu limezungumzwa sana shuleni petu shauri la uwanja wa mpira wa kikapu. Wenzangu wa mabweni yote wanalijua, na wazazi waliohudhuria mkutano wamelisikia. Uwanja wenyewe una sakafu nzuri ya saruji, lakini nguzo zake mbili hazina pete, na ubao mmoja umekwisha kuliwa na mchwa. Kwa kuwa hauchezewi, wengine wameona afadhali nguzo hizo zing'olewe kabisa, na sakafu iwe mahali pa kuanikia mahindi ya shamba letu mwaka mzima. Mimi napenda kutoa maoni yangu katika gazeti hili. Nasema nguzo zising'olewe, bali zitiwe pete. Na kwa kuwa si vizuri mtu kusema "nataka" bila kueleza kwa nini, nitatoa sababu zangu, na nitajibu zile za wenzangu wanaopinga, kwa adabu zote.

Wanaopinga wana hoja nne. Ya kwanza, kwamba kikapu ni mchezo wa watu warefu, nao shuleni ni wachache. Ya pili, kwamba ni mchezo wa mijini, wa Dar es Salaam na Arusha, wala si wa Mpanda. Ya tatu, kwamba mchezo huu utawapotezea wanafunzi wakati wa masomo. Ya nne ni ya mahindi. Hizi si hoja za kipuuzi, na waliozitoa ni watu wanaoipenda shule yetu. Lakini naona zinaweza kujibiwa, na njia bora ya kuzijibu ni kutazama msimu mmoja wa timu moja ya chuo, ambayo ndani yake alikuwamo Mtanzania mwenzetu. Nasema juu ya timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, katika msimu wa 2008 hadi 2009, na juu ya Hasheem Thabeet.

Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa wakati huo, kwa hiyo yafaa nieleze kidogo. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alisoma Makongo, shule ya sekondari kama hii yetu, na hakuanza kucheza kikapu mpaka alipokuwa na umri wa miaka kama 15, yaani umri wa wadogo zetu wa Kidato cha Pili. Baadaye alikwenda Marekani, akasoma sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia chuo kikuu hicho. Kimo chake ni mita 2.21. Mlango wa bweni letu asingeupita bila kuinama sana.

Basi, wale wasemao kwamba kikapu ni mchezo wa mijini wangefaa kujua chuo hicho kilipo. Hakiko New York wala Chicago. Kiko mahali paitwapo Storrs, kati ya mashamba, na kilianzishwa mwaka 1881 kama shule ya kilimo, juu ya ardhi iliyotolewa na ndugu wawili wa ukoo wa Storrs. Hata sasa chuo kinafuga ng'ombe wake wa maziwa. Na huo mchezo wenyewe ulianzaje? Ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu, Bwana James Naismith, katika mji wa Springfield, ambaye alitafuta mchezo wa kuwachezesha wanafunzi wake ndani ya jengo wakati wa baridi. Hakuwa na pete za chuma. Alipigilia juu vikapu vya kubebea matunda, na ndiyo sababu mchezo unaitwa hivyo mpaka leo. Mchezo ulioanza kwa vikapu vya matunda, ukastawi katika shule ya jembe na ng'ombe, hauwezi kukataliwa Mpanda kwa sababu hatuna maghorofa.

Sasa nije kwenye msimu wenyewe. Mwaka wa kwanza wa Thabeet chuoni, timu yake ilishinda michezo 17 ikashindwa 14, wala haikuingia katika mashindano makubwa ya vyuo ya taifa. Mwaka wa pili ilishinda 24 ikashindwa 9. Iliingia mashindanoni, lakini ikatolewa katika mchezo wa kwanza tu na chuo cha San Diego, 70 kwa 69, tena siku hiyo mchezaji wake hodari A. J. Price akaumia goti vibaya. Mwaka wa tatu, huo wa 2008 hadi 2009, timu ilishinda michezo 31 ikashindwa 5 tu. Naomba msomaji azitazame namba hizo: 17, kisha 24, kisha 31. Thabeet hakurefuka kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Urefu wake ulikuwa ule ule. Kilichoongezeka ni mafunzo, mazoea, na kujuana kwa wachezaji. Mwalimu wao, Bwana Jim Calhoun, alikuwa mtu mkali katika mazoezi.

Tena si kweli kwamba warefu ndio walioibeba timu ile. Thabeet alikuwa ngome ya nyuma, akizuia kwa wastani mitupo zaidi ya minne katika kila mchezo, jambo lililowafanya wapinzani waogope hata kusogea karibu na pete. Lakini mwenye kuongoza mashambulizi alikuwa Price, yule aliyeumia goti, ambaye alikwisha kupona akarudi. Kulikuwa na Jeff Adrien, mwenye nguvu za kugombea mipira chini ya ubao. Na kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker, mwenye kimo cha mita 1.85 hivi, ambacho wako wenzetu wa Kidato cha Tatu wanacho. Timu ilipocheza na Missouri kutafuta nafasi ya kuingia katika nne bora, ni huyo Walker aliyetia pointi 23, na timu ikashinda 82 kwa 75.

Lakini somo kubwa juu ya urefu tulilipewa siku mbili za mwezi wa Februari, mwaka 2009. Tarehe 14 Thabeet alicheza dhidi ya Seton Hall, akapata pointi 25, akadaka mipira 20 iliyogonga ubao na kurudi, na akazuia mitupo 9. Wakati huo timu yake ilikuwa ya kwanza katika orodha ya vyuo vyote vya Marekani. Siku mbili tu baadaye, tarehe 16, wakacheza na Pittsburgh. Kule kulikuwa na kijana aitwaye DeJuan Blair, mfupi kuliko Thabeet kwa kiasi cha sentimita 20, lakini mpana na mwenye kujua namna ya kusimama. Katika kugombea mpira mikono yao ilinasana, na Blair akamtupa Thabeet chini kupitia begani kwake, kama mtu anavyotua gunia. Mchezo ulipokwisha Blair alikuwa na pointi 22 na mipira 23 ya kudaka. Thabeet alikuwa na pointi 5 na mipira 4. Pittsburgh walishinda 76 kwa 68. Waliporudiana mwezi wa Machi, Pittsburgh walishinda tena.

Wazee wetu husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mimi naongeza kwamba mrefu ndiye mwenye kazi kubwa zaidi ya kuinama. Blair alijua kuinama, kutanua miguu na kumzuia mwenziwe asiufikie mpira. Hayo ni mambo ya kufundishwa, na kila mmoja wetu aweza kufundishwa. Mwisho wa msimu wale wawili, mrefu na mfupi, walipewa kwa pamoja heshima ya mchezaji bora wa umoja wao wa vyuo. Hoja ya kwanza ya wenzangu, basi, naona imejibiwa na watu hao wawili.

Kuna mchezo mwingine wa msimu ule ambao ningependa kila mwanafunzi wa shule hii aujue. Tarehe 12 Machi, 2009, Connecticut walikutana na Syracuse mjini New York. Mchezo wa vyuo huchezwa kwa dakika 40, na wakilingana huongezwa dakika 5. Dakika 40 zilikwisha wakiwa sawa, 71 kwa 71. Zikaongezwa 5, wakawa sawa. Zikaongezwa tena, wakawa sawa. Ikawa hivyo mara ya tatu, ya nne na ya tano. Wachezaji mmoja baada ya mwingine walitolewa kwa kutimiza idadi ya makosa, na waliobaki walikuwa hoi. Katika nyongeza ya sita Syracuse wakashinda, 127 kwa 117, na saa saba ya usiku ilikuwa imekwisha kupita. Wachezaji walikuwa wamecheza dakika 70.

Connecticut walishindwa siku hiyo. Lakini je, walikaa wakalia? Walikuwa na sababu za kutosha: mwenzao Jerome Dyson alikwisha kuumia goti tangu Februari, asicheze tena msimu ule. Wiki moja baadaye mashindano ya taifa yalipoanza, hata mwalimu wao Bwana Calhoun alikuwa mgonjwa hospitalini, na msaidizi wake akaiongoza timu. Wakawafunga Chattanooga 103 kwa 47. Wakawafunga Texas A&M, kisha Purdue, kisha hao Missouri. Wakafika nne bora mjini Detroit, na huko mbele ya watu zaidi ya 70,000 wakashindwa na Michigan State, 82 kwa 73. Hawakuchukua kombe. Hata hivyo msimu wao unakumbukwa, kwa kuwa walishindana mpaka mwisho na wakakubali walipopatikana wenye nguvu zaidi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi ambao tukifungwa katika mpira wa miguu mara nyingi tunamlaumu mwamuzi njia nzima ya kurudi bwenini, tungepata faida kujifunza hilo.

Najua mtu atauliza, "Na huyo Thabeet aliishia wapi?" Swali hili huulizwa kwa kejeli, na nataka kulijibu wazi. Mwezi wa Juni, 2009, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote waliotakiwa na timu za kulipwa za Marekani, akachukuliwa na Memphis, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile kubwa. Huko hakung'ara. Mwaka 2010 alipelekwa kwa muda katika timu ya daraja la chini ili ajifunze zaidi, kisha akahama Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 akatoka katika ligi hiyo. Mwaka ule ule wa 2009, Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Curry ni mfupi kuliko Thabeet kwa zaidi ya sentimita 30, naye amechukua ubingwa mara nne.

Wengine huona hayo ni ya kuchekwa. Mimi naona ni ya kufikiriwa. Curry ni mtoto wa mchezaji wa kulipwa, na alishika mpira tangu utotoni. Kijana wetu aliushika akiwa na miaka 15, na baada ya miaka saba hivi akatakiwa asimame sawa na watu wa namna hiyo. Samaki mkunje angali mbichi. Ikiwa tunasikitika kwamba Mtanzania yule hakufika mbali zaidi, basi sikitiko letu lituongoze mahali pamoja: watoto wetu waukute mpira na pete mapema. Mtu hawezi kung'oa nguzo za uwanja wa shule, kisha akalalamika kwamba Watanzania hawajui kikapu.

Tena sisemi kwamba pete mbili zitampeleka mtu Marekani. Mwenzangu asije akatupa vitabu vyake kwa ndoto hiyo, maana kati ya mamilioni ya vijana wa nchi hii aliyefika pale ni mmoja. Nasema faida ya mchezo ni kwa wengi ambao hawataonekana popote: afya ya mwili, kutii filimbi, kumpa mpira mwenzako aliye mahali pazuri kuliko wewe. Kikapu ni miongoni mwa michezo ya UMISSETA, na shule yetu huwa haina hata mtu mmoja wa kumpeleka kujaribiwa.

Sasa nije kwenye masomo. Hapa nakubaliana na walimu kwamba hatari iko. Tena timu ile ile ya Connecticut ni ushahidi wao. Miaka ya baada ya msimu niliousimulia, wachezaji wake walirudi nyuma katika masomo, na mwaka 2013 timu hiyo ikazuiwa kuingia katika mashindano ya taifa kwa sababu hiyo. Hawakukosa mpira wala uwanja wala mwalimu. Walikosa alama za darasani. Mwaka uliofuata waliruhusiwa tena, na wakachukua ubingwa. Mimi sioni kwamba dawa ni kufuta mchezo, kwa maana hata wao hawakuufuta. Dawa ni sheria. Na sisi tuwe na sheria yetu: asiyehudhuria prepo hachezi, anayeshuka darasani anapumzishwa mpaka apande. Kwa sheria ya namna hiyo, mpira utawavuta wavivu kwenye vitabu, badala ya kuwatoa. Na mchezo wenyewe uwe kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, wakati ambao sasa wengi wetu huupoteza kwa kukaa juu ya kuta na kupiga soga.

Imebaki hoja ya mahindi, nayo naiheshimu kuliko zote, kwa kuwa ugali ndio unaotuweka hai hapa. Lakini mahindi ya Katavi yana majira yake. Mvua zetu huanza kuelekea mwisho wa mwaka, zikakoma Aprili au Mei, ndipo tukavuna. Kuanika ni kazi ya wiki chache. Katika wiki hizo uwanja uwe wa mahindi, na mwanafunzi atakayekanyaga mahindi kwa ajili ya mpira aadhibiwe. Wiki nyingine zote sakafu hiyo hukaa bure, ikipigwa jua. Kwa nini isifanye kazi mbili? Hata reli yetu ya Mpanda ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, watu hawakung'oa mataruma. Waliendelea kusafiria na kusafirishia mazao. Kitu kimoja chenye faida mbili ni mali zaidi ya kitu chenye faida moja.

Juu ya gharama, sina nia ya kuwatwisha wazazi mzigo. Pete ya kikapu ni duara la chuma lenye upana wa sentimita 45, linalowekwa mita 3.05 kutoka chini. Mafundi wa kuchomelea wa hapa mjini Mpanda hutengeneza milango, madirisha na vitanda vya chuma. Duara la nondo halitawashinda. Mbao mbili zinaweza kupigwa randa na kupakwa dawa ya mchwa na wanafunzi wenyewe siku ya kazi za mikono. Mistari tutaipaka sisi. Kitakachonunuliwa dukani ni mipira miwili. Na sakafu ikiwa imefagiliwa na kupigwa mistari, hata dada zetu wa netiboli watapata mahali pazuri pa kuchezea kuliko pale wanapocheza sasa penye mashimo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa Mkuu wa Shule, Bodi, walimu na wazazi. Kwanza, nguzo zising'olewe. Pili, tupewe ruhusa ya kutengeneza pete na mbao kwa mikono yetu, chini ya mwalimu wa michezo. Tatu, iandikwe sheria ya kugawana uwanja kati ya mahindi na mpira, na sheria ya masomo kwa wachezaji, ili pasiwe na ugomvi siku za usoni.

Mimi mwenyewe niko Kidato cha Nne. Mwezi wa Novemba nitakaa katika chumba cha mtihani, kisha nitafunga sanduku langu niondoke. Yaelekea sitatupa mpira hata mara moja katika uwanja huo, na kwa kimo changu nisingekuwa tishio kwa mtu. Ninaowaombea ni wale wa Kidato cha Kwanza waliokuja juzi na ndoo zao na magodoro yao, ambao bado wana miaka yao yote hapa. Ndugu zangu, nguzo mbili hizo zilisimamishwa na waliotutangulia kwa jasho lao. Tusiwe sisi wa kuzilaza chini.

Mwanafunzi, Kidato cha IV